Kabla ya Kubadili Kibao, Daftari Liko Wapi?

Hotuba kwa walinzi, wasimamizi wa malindo na wenye kampuni za ulinzi, Dodoma

Mbukwenyi!

Ndugu zangu walinzi, wasimamizi wenzangu, waheshimiwa wenye kampuni, maafande mlioacha shughuli zenu mkaja kutusikiliza, na akina mama na akina baba mlioweka walinzi majumbani kwenu: nawashukuru wote. Najua wengi mliokaa upande huu wa kushoto mmetoka lindoni saa kumi na mbili leo asubuhi na hamjalala. Nimewaona mkiingia na makoti yenu bado mwilini. Mwezi huu wa saba upepo wa Dodoma unapenya hadi kwenye mfupa, na aliyekesha kwenye geti la ghala kule Kizota hana haja ya kuhadithiwa baridi. Nitasema ninalotaka kusema, kisha muende mkapumzike.

Nimeombwa nizungumzie chombo cha kusimamia ulinzi binafsi na upelelezi binafsi. Kwetu Tanzania kampuni ya ulinzi inasajiliwa BRELA kama biashara nyingine, na kibali cha kufanya kazi ya ulinzi kinatoka kwa Jeshi la Polisi. Kwa miaka mingi sekta yetu imekuwa ikiomba sheria yake yenyewe, na mamlaka yake yenyewe. Wapo wanaosema kazi hii ibaki kwa polisi maana ndio wanaojua uhalifu. Wapo wanaosema polisi wana mzigo wa kutosha, kianzishwe chombo kipya. Nimekaa kwenye vikao vingi nikisikiliza mabishano hayo, na kila mara nimetoka na swali ambalo halikuulizwa. Nitalifikia, lakini kwanza niwaeleze limetoka wapi.

Nilianza kazi hii nikiwa na miaka 22. Cheti changu cha mgambo nilikipatia Mpwapwa, na kila aliyepita mgambo hapa anajua kile cheti kina jasho kiasi gani. Nilipoajiriwa, ofisi iliniambia niache cheti halisi, siyo nakala, pamoja na barua ya mwenyekiti wa mtaa na fomu za wadhamini wangu wawili. Nikaacha. Nikapewa sare, kirungu, filimbi na tochi. Betri za tochi nilinunua mwenyewe. Nikapelekwa Kibaigwa kulinda ghala la mahindi.

Nililinda ghala lile miaka minne. Usiku mmoja, saa nane na dakika ishirini, watu watatu walikata wavu upande wa mizani. Saa naikumbuka kwa sababu niliiandika kwenye daftari la matukio, na niliiandika huku mkono unatetemeka. Nilipiga filimbi mpaka nikahisi kifua kinapasuka. Wakakimbia, wakaacha magunia kumi na moja yameshaburutwa hadi kwenye tundu la wavu. Mwenye ghala alifika asubuhi, akahesabu magunia, akahesabu tena, akanishika mkono. Kisha akachukua lile daftari, akaandika kwa kalamu yake mwenyewe chini ya maandishi yangu: mlinzi alikuwa macho. Akatia saini.

Ndugu zangu, sijapata medali maishani mwangu. Maneno yale matatu ndiyo medali yangu.

Miezi michache baadaye kampuni ikafa. Tulifika ofisini tukakuta kufuli jipya, la mwenye jengo, aliyekuwa anadai kodi. Mishahara ya miezi miwili ikapotea. Niliililia, kisha nikaiacha, maana nilikuwa na mtoto mchanga na sikuwa na muda wa kulia. Kilichonitesa ni kabati. Ndani ya chumba kile kulikuwa na kabati la chuma, na ndani yake kulikuwa na cheti changu, barua yangu, mkataba wangu, kila karatasi iliyosema mimi ni nani katika kazi hii. Nilipokwenda kuomba kazi kwingine nikaulizwa: cheti kiko wapi? Ulilinda wapi? Nani anakujua? Nikaanza upya kama kuruta, kwa mshahara wa kuruta. Miaka minne ya kukesha haikuwepo popote. Na lile daftari la matukio la Kibaigwa, niliambiwa kurasa zake zilionekana sokoni zikifungiwa karanga. Sikuona kwa macho yangu, lakini aliyeniambia hakuwa mtu wa uongo.

Wahenga waliposema mali bila daftari hupotea bila habari, walikuwa wanamuasa mfanyabiashara. Mlinzi naye ana mali, na mali yake ni jina lake: kwamba miaka kadhaa alikaa mahali fulani, na mahali pale hapakuibwa. Nani analishika daftari la mali hiyo? Hilo ndilo swali langu. Kabla hatujaulizana kibao cha mlangoni kiandikwe Polisi au kiandikwe Mamlaka, tuulizane daftari la watu liko wapi, limeandikwa nini ndani, na siku chombo kimoja kitakapomkabidhi mwenzake, litasafiri vipi.

Sisi watu wa Dodoma hatuhitaji kufundishwa chombo cha serikali kinavyoondoka. CDA, mamlaka iliyokuwa ikiustawisha mji huu, ilianzishwa mwaka 1973, mwaka uleule ulipotolewa uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa. Mei 2017 Rais Magufuli akaivunja, kazi zake zikakabidhiwa Manispaa, ambayo mwaka uliofuata ikawa Jiji. Kwenye redio watu walizungumza ukubwa wa jambo. Nyumbani kwetu Chang'ombe, mama mkwe wangu alivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, akatoa risiti za kiwanja chake zilizofungwa kwa uzi mweusi, akaziweka kwenye mkeka moja moja. Akaniuliza, "Baba Neema, haya makaratasi bado yanasema kitu?"

Hakuniuliza nani amekuwa mkurugenzi. Aliuliza kama karatasi yake bado ina sauti. Nami sikuwa na jibu siku ile. Ilibidi twende wote ofisini, tukapanga foleni siku mbili. Faili lake lilikuwepo. Nilimwona mama yule akifumba macho akamshukuru Mungu palepale kwenye benchi. Wapo majirani waliokwenda na kurudi mara nyingi kuliko sisi. Ninalotaka mlishike ni kwamba kwa mtu wa kawaida, kuvunjwa kwa chombo kunapimwa kwa faili lake mwenyewe.

Tumeona na mengine. Sumatra, iliyosimamia usafiri wa nchi kavu na wa majini, iliondoka, LATRA ikashika usafiri wa ardhini mwaka 2019, mambo ya majini yakiwa yameshakwenda TASAC. Mwaka huohuo TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ikawa TMDA ya dawa na vifaa tiba, na chakula kikahamia TBS, shirika la viwango. Mabasi ya Kondoa hayakusimama, maduka ya dawa hayakufungwa. Kwa hiyo jambo hili linawezekana, na serikali yetu inajua kulifanya. Tofauti ni kwamba basi lina namba ya usajili. Duka la dawa lina anwani. Mlinzi ana nini? Ana sare ya kampuni, na siku akiacha kazi anaivua.

Nimejitahidi kusoma wenzetu wamefanyaje, na naomba mnivumilie kidogo hapa.

Jimbo la Texas, Marekani, lilitunga sheria ya ulinzi binafsi mwaka 1969. Waliunda bodi ya kutoa leseni kwa wapelelezi binafsi, walinzi wa doria, walinzi wa kawaida na mameneja wao. Baadaye ikageuzwa jina, ikawa tume. Mwaka 2003 bunge la jimbo lile likaamua tume iondoke, na mwaka 2004 kazi zote zikahamia Idara ya Usalama wa Umma. Idara hiyo ndiyo yenye polisi wa barabara kuu, na ndiyo inayotunza alama za vidole na kumbukumbu za uhalifu za jimbo zima. Ikabaki bodi iliyoteuliwa na gavana. Mwaka 2019 nayo ikaondolewa, pakawekwa kamati ya ushauri tu. Na wana utaratibu mmoja nimeupenda: tangu mwaka 1977 sheria yao inasema vyombo vya serikali vina tarehe ya kufa. Kwa kawaida kila baada ya miaka 12 chombo kinachunguzwa, kinaulizwa umefanya nini, na bunge lisipokiongezea uhai kinazikwa.

Afrika Kusini wao walikuwa na Bodi ya Maofisa wa Ulinzi kwa sheria ya mwaka 1987. Sheria Namba 56 ya mwaka 2001 ikaiondoa, ikaweka mamlaka ambayo watu wengi mnaijua kwa kifupi chake, PSIRA. Iko chini ya waziri wa polisi, lakini siyo polisi. Kule walinzi waliosajiliwa na walioko kazini wanazidi laki tano. Kila mmoja kasajiliwa kwa jina lake, na ana daraja lake, kuanzia E anayoanzia kuruta hadi A. Akihama kampuni, daraja linahama naye. Majirani zetu wa Kenya walipitisha sheria yao mwaka 2016, Sheria Namba 13, wakaunda mamlaka, na mamlaka hiyo imekuwa ikitaka kila mlinzi awe na namba yake.

Uingereza sheria ni ya mwaka 2001 na chombo chao kilianza kazi mwaka 2003. Mwaka 2010 serikali mpya ilipopunguza vyombo vya umma, ilitangaza na hicho kitavunjwa. Hakikuvunjwa, kipo mpaka leo. Leseni ya mlinzi wa kule ni ya mtu, si ya kampuni, inadumu miaka mitatu, na mwananchi yeyote anaweza kutafuta namba yake kwenye daftari la wazi akaona kama bado ni hai.

Sasa angalieni njia zinavyopishana. Texas walianza na bodi wakaishia kwa polisi. Sisi tuko kwa polisi na tunaomba mamlaka. Afrika Kusini waliondoa bodi wakaweka mamlaka. Uingereza walitaka kuondoa wakaghairi. Kama jibu lingekuwa kwenye aina ya chombo, wote wangekuwa wameshakutana mahali pamoja. Kinachofanana kwao ni kwamba kibao kibadilike kisibadilike, mlinzi alikuwa na jina ndani ya kitabu cha dola, na kitabu hicho hakikuwa kwenye kabati la mwenye kampuni.

Niwape sababu nyingine kwa nini jambo hili linaninyima usingizi hata sasa ambapo silindi tena usiku.

Nikiwa msimamizi wa malindo nilikuwa nazunguka na pikipiki: Ilazo, Area D, Kisasa, Nzuguni, narudi kwa njia ya Makole. Usiku mmoja kama saa nne nilifika kwenye geti la nyumba moja nikakuta mlinzi amesimama vizuri, sare imenyooka, kirungu mkononi. Akanipigia saluti. Sikumfahamu. Nikamuuliza jina, akanitajia jina la kijana wetu aliyepangwa pale. Akatoa kitambulisho. Picha ilikuwa imefifia, ingeweza kuwa ya mtu yeyote. Nikapiga simu ofisini haikupokelewa. Nikabaki nimesimama pale na tochi yangu, mimi ni bosi wa lindo, sina njia hata moja ya kumjua mtu aliye mbele yangu. Sare inashonwa kwa fundi yeyote. Kitambulisho unachapiwa steshenari, na cha plastiki ukitaka.

Nilipombana akaanza kulia. Kumbe ni shemeji wa yule kijana. Mtoto wa kijana alikuwa amelazwa na malaria, na asingeingia kazini angekatwa, basi akamvalisha shemeji yake sare amsimamie usiku mmoja. Hakuwa mwizi. Alikuwa mtu mwema aliyemfanyia ndugu yake wema. Lakini mwenye nyumba, na mke wake, na watoto wao, walikuwa wamelala ndani wakilindwa na mtu ambaye hakuna chombo chochote katika nchi hii kilichojua yuko pale. Je, angekuwa mwingine?

Leo hii ukiwa na simu ya kitochi unabonyeza *152*00# unafikia huduma za serikali. Namba ya NIDA wengi wetu tunazo. Alama za vidole polisi wanachukua kila siku kwa wanaotafuta cheti cha tabia njema. Vifaa vyote vipo mezani. Ninachoomba ni kwamba mama aliyesimama ndani ya geti lake usiku aandike namba ya mlinzi kwenye simu, arudishiwe jina, kampuni, na neno moja: hai, au imesimamishwa. Kama tunaweza kujua deni la gari kabla ya kulinunua, tunaweza kumjua mtu kabla ya kumkabidhi funguo.

Na wapelelezi. Hapa nitasema kwa ukali kidogo, mnisamehe.

Kuna dada yangu, mke wa rafiki yangu, ana kibanda cha mboga soko la Majengo. Waliibiwa pikipiki, ile iliyokuwa inawalipia ada za watoto. Polisi walifungua jalada. Siku ya nne akamjia mtu aliyejiita mpelelezi binafsi, ana kadi yenye nembo ya ngao na tai, anaongea kwa utulivu. Akachukua shilingi laki mbili. Baada ya wiki akarudi. Pikipiki hana, ana karatasi zenye orodha ya simu alizopiga mume wa yule dada, siku na saa, na majina ya watu ambao hawahusiki kabisa. Akataka laki nyingine, na safari hii hakusema ni ya kutafuta nini. Dada yule aliniambia alizitazama zile karatasi mezani kama mtu anayetazama nyoka. Hawezi kuzichoma, hawezi kuzisoma. Ndoa ile ilitikisika kwa sababu ya pikipiki iliyoibwa na mtu mwingine kabisa.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na dada yule ana mahali pa kulalamika. Lakini nani anampa leseni mtu yule, na nani atamnyang'anya? Upelelezi wa haki upo, na una faida: kampuni inayochunguza wizi wa ndani, wakili anayetafuta shahidi, familia inayomtafuta ndugu aliyepotea. Watu wanaoufanya kwa uaminifu wanachafuliwa na yule wa ngao na tai. Uingereza sheria yao ya 2001 iliwataja wapelelezi, na mwaka 2013 waziri wa mambo ya ndani wa wakati ule, Theresa May, alitangaza kwamba watapewa leseni. Haijaanza hadi leo. Texas waliwaingiza tangu mwanzo. Afrika Kusini wamo ndani ya sheria. Kwa hiyo ninawaomba wanaoandika: mpelelezi binafsi aandikwe siku ya kwanza, ukurasa wa kwanza. Tukisema tutamwingiza baadaye, hatutamwingiza.

Nigeukie saa za kazi, kwa kifupi, maana waliokesha mnajua kuliko mimi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa 45 kwa wiki. Ziada isizidi saa 50 kwa wiki nne. Mlinzi wa saa 12 kwa siku sita anafanya saa 72. Toa 45, zinabaki 27. Zidisha mara nne: saa 108 za ziada, kwenye nafasi ya saa 50. Kazi ya usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, inastahili nyongeza ya asilimia 5. Nani kati yenu ameiona kwenye stakabadhi ya mshahara? Nyoosheni mikono... Naona mikono mitatu. Amri ya kima cha chini ya mwaka 2022 iliweka shilingi 222,000 kwa mwezi kwa kampuni kubwa na za kimataifa, na 148,000 kwa kampuni ndogo. Wapo waliokuwa wakilipwa chini ya hapo wakiwa wamevaa sare ya kampuni yenye kibali.

Wenye kampuni, nawaheshimu, baadhi yenu mmenilisha. Najua taasisi inapotangaza zabuni inatazama bei ya chini, na mwenzako akishusha nawe unashusha, mpaka bei inafika mahali ambapo ukigawa haitoshi mshahara wa kisheria wa mtu mmoja. Siku mkataba ule unaposainiwa, aliyeshaamuliwa kufidia ni mlinzi, na hayupo chumbani. Ofisa kazi anayo sheria yake. Lakini chombo chenye uwezo wa kuzuia leseni ya kampuni kinasikilizwa haraka zaidi kuliko barua, na chombo kipya kikija kukagua bunduki na sare, kikague na daftari la zamu. Mlinzi aliyekaa macho saa 12 kwa siku ya sita mfululizo halindi kitu. Anapumua tu karibu na geti.

Kuhusu silaha sitasema mengi: zibaki mikononi mwa polisi, kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, hata kama leseni za ulinzi zitahamia kwingine. Na maafande, haya ninayoyasema hayana dharau kwenu. Wengi wenu mmetufundisha kazi. Kuna mkuu wa kituo mmoja, sitamtaja, aliyekuwa anapita kwenye lindo langu usiku kunijulia hali wakati mwajiri wangu hakuwahi kupita hata mara moja.

Sasa siku ya kukabidhiana. Tuseme sheria imepita, chombo kipya kimezaliwa, cha zamani kinatoa mkono. Kila mlinzi hapa anajua kukabidhiana lindo kunavyofanyika. Anayetoka hamwachii anayeingia funguo akaondoka. Wanazunguka wote wawili. Kufuli la nyuma, limefungwa. Kufuli la stoo, limefungwa. Taa nne, moja imeungua, iandikwe imeungua. Silaha moja, risasi tano, zinahesabiwa juu ya meza moja moja. Kisha wanasaini wote, yule na huyu, na saa inaandikwa. Aliyeondoka kabla mwenzake hajasaini ametelekeza lindo, na anafukuzwa kazi kwa hilo, na ni haki afukuzwe.

Ninaiomba serikali ikabidhiane kama sisi. Vibali vya zamani vitamkwe kwenye sheria vinaishi hadi tarehe ipi, ili kampuni isiamke asubuhi ikaambiwa ni haramu. Malalamiko yaliyokuwa hayajaisha yahamishwe yakiwa yamehesabiwa, moja moja, hata yale yaliyoungua kama ile taa. Kampuni iliyofungiwa kwa makosa isijifufue kwa jina jipya kwa sababu chombo kipya hakina faili lake. Na majina ya walinzi yaliyoko kwenye makabati ya kampuni nchi nzima yaingizwe kwenye daftari moja la taifa kabla kibao cha zamani hakijashushwa. Ada ya kadi isimmeze mlinzi. Anayelipwa kima cha chini hawezi kununua ruhusa ya kufanya kazi kila mwaka. Mwajiri alipie, na kadi ibaki ya mlinzi. Hilo la mwisho najua litabishaniwa. Nipo tayari kubishana nalo.

Na hatuhitaji kusubiri Bunge kwa kila kitu. Kushikilia cheti halisi cha mtu kunaweza kuisha leo jioni. Nilizungumza na wenye kampuni wanne kabla ya kikao hiki, wakakubali, na nawashukuru mbele ya watu: wamekuja na bahasha. Vyeti vya mgambo, vya JKT, vya sekondari, barua za mitaa, vimewekwa kwenye ile meza ndefu pale nyuma, kampuni kwa kampuni, majina yamepangwa kwa alfabeti. Kila mmoja atachukua chake na kusaini kwamba amekipokea. Nakala tumeshatoa kwa ajili ya ofisi. Wengine ambao waajiri wao hawapo leo, yupo binti pembeni ya meza na daftari jipya. Mwambieni jina lenu, kampuni, na ni karatasi zipi zimeshikiliwa, tutazifuata sisi.

Ni saa nane sasa. Wenye zamu ya usiku watangulie kwenye meza, maana saa kumi na moja na nusu wanatakiwa wawe lindoni. Wengine tukae kidogo tuwapishe.